Alkeni Kutoka Bagamoyo Hadi Ujiji

Novemba ikiingia Tabora, maembe ya kwanza hufika sokoni yakiwa bado magumu, maana muuzaji akisubiri mpaka yaive mtini atakuta bei imeshashuka. Basi anayajaza kwenye gunia la sandarusi, anafunga mdomo kwa kamba, analifunika na jingine juu yake. Siku chache baadaye anafungua, harufu inamkumba usoni, na maganda yameshageuka rangi.

Wewe uliye kidato cha tano au cha sita, iwe uko Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Milambo au kokote, nakuomba usimame mbele ya gunia hilo kabla ya kufungua daftari. Gesi iliyoivisha maembe ni etheni, alkeni ndogo kuliko zote. Gunia lenyewe limetengenezwa kwa propeni. Harufu iliyokukumba ni ya tapeni, jamii ya molekuli zenye vifungo maradufu. Rangi ya manjano ya nyama ya embe ni karotini, yenye vifungo hivyo kimoja baada ya kingine kama shanga. Na jana usiku kwenye prepo ulikuwa unanung'unika kwamba mada ya alkeni ni ya kukariri tu, haina maana wala mahali.

Nianze na swali ambalo kila mwaka huwaangusha wengi darasani kwangu. Nikikata kipande cha gunia hilo nikakitumbukiza katika maji ya bromini, je, rangi ya bromini itapotea? Wengi hujibu ndiyo, haraka haraka, kwa sababu gunia ni polipropeni na jina linaishia na “eni”. Rangi haitapotea. Propeni zilipoungana kuwa mnyororo, kila moja ilifungua kifungo chake maradufu ili imshike jirani wa kulia na wa kushoto. Kilichobaki ni alkani ndefu isiyo na hamu na bromini. Jina ni la mzazi, tabia si ya mzazi. Ndiyo maana pia kile tunachokiita “karatasi ya nailoni” mtaani kwa kawaida ni polietheni, wala nailoni haimo ndani yake hata chembe. Ukiwa na mazoea ya kusoma jina badala ya kuchora umbo, mtihani utakukamata hapo.

Neno sandarusi lenyewe lina historia inayonifurahisha kila ninapofundisha polima. Kabla ya kuwa gunia, sandarusi ilikuwa utomvu wa mti uitwao msandarusi, uliozikwa ardhini pwani kwa muda mrefu mpaka ukawa mgumu kama kioo. Watu wa mrima waliuchimba, wafanyabiashara wakaupeleka Unguja, na katika karne ya 19 shehena kubwa zilivuka bahari hadi Salem, Massachusetts, kwenda kutengenezwa vanishi. Meli zilirudi na kitambaa cha merikani, na merikani hiyo ndiyo waliyoibeba wapagazi kutoka Bagamoyo mpaka Unyanyembe kununulia pembe za ndovu. Sandarusi mbichi, inayotoka mtini, iliitwa chakazi na bei yake ilikuwa duni kwa sababu ni laini. Kwa nini iliyozikwa ni ngumu? Molekuli za utomvu huo zina vifungo maradufu, na kadiri muda unavyopita hufunguka na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Ni polima iliyojitengeneza udongoni. Waliolihamisha jina la utomvu na kulivisha gunia la plastiki hawakujua kwamba kikemia hawakukosea sana: vyote viwili ni alkeni zilizofungua kifungo cha pili ili zishikane.

Maneno “kifungo cha pili” ndiyo mada nzima, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Kifungo kimoja kati ya kaboni na kaboni kinahitaji takriban kilojuli 347 kwa moli ili kikatike. Kifungo maradufu kinahitaji takriban 612. Hesabu mwenyewe: kama vifungo viwili vingekuwa na nguvu sawa, tungetarajia 694. Cha pili kimeongeza 265 tu. Cha kwanza, kiitwacho sigma, kipo katikati ya kaboni mbili, kimejificha. Cha pili, kiitwacho pai, ni dhaifu zaidi na elektroni zake zimetandazwa juu na chini ya molekuli, peupe, kama nafaka iliyoanikwa kwenye mkeka. Kuku yeyote mwenye njaa akipita ataiona. Protoni, bromini, pamanganeti na ozoni wote ni wenye njaa ya elektroni. Alkani hawana mkeka uliotandazwa, ndiyo maana kuku hao hao wanapita bila kugeuza shingo.

Kwa hiyo, badala ya kuandika orodha ya mimenyuko kumi na miwili ya alkeni na kuibandika ukutani juu ya kitanda, chora etheni moja katikati ya ukurasa, na kwa kila mmenyuko jiulize: nani ana njaa hapa? Ni nani anayeingia wa kwanza? Mzigo unabaki mabegani mwa nani? Mshale wako uanzie kwenye kifungo pai uelekee kwa mwenye njaa. Nimesahihisha daftari nyingi ambamo mshale unatoka kwenye protoni kwenda kwenye alkeni, na mwanafunzi anashangaa kupoteza alama ilhali jibu la mwisho ni sahihi. Mshale unaonyesha elektroni zinakokwenda. Protoni haina hata elektroni moja ya kupeleka popote.

Swali la tatu, la mzigo, ndilo linalofungua kanuni ya Markovnikov. Vladimir Markovnikov aliitoa kuelekea mwaka 1870, karibu na siku ambazo mtemi Mirambo alikuwa akijiandaa kupambana na Waarabu wa Unyanyembe. Wanafunzi wanaipenda kwa sababu ina wimbo wake: mwenye nacho huongezewa. Yaani hidrojeni huenda kwenye kaboni iliyo na hidrojeni nyingi zaidi. Ukitia bromidi ya hidrojeni kwenye propeni, CH₃CH=CH₂, hidrojeni inakwenda mwishoni na bromini inakaa katikati. Unapata 2-bromopropani. Sawa. Lakini wimbo huo ni mkongojo, na mitihani ya kidato cha sita hupenda kuuteka mkongojo.

Fikiri badala yake kuhusu mpagazi. Protoni inapoingia, kaboni moja inabaki imepungukiwa elektroni, ina chaji chanya. Chaji hiyo ni mzigo. Mnyamwezi wa safari za zamani alibeba karibu kilo 30 kwa siku nyingi, na aliyekuwa na wenzake wa kumpokea alifika mbali kuliko aliyetembea peke yake. Vikundi vya methili ndio hao wenzake: vinasukuma elektroni kidogo kuelekea kaboni yenye chaji, mzigo unapungua. Kaboni ya katikati ya propeni ina jirani wawili, ya mwisho ina mmoja. Mzigo unakaa pale penye wasaidizi wengi, na protoni lazima iende upande mwingine. Hidrojeni haijali nani anacho na nani hana.

Sasa jaribu hilo pale wimbo unaposhindwa. Badilisha methili ya propeni kwa kundi la CF₃, upate CF₃CH=CH₂. Florini ni mnyang'anyi, inavuta elektroni kutoka kwa jirani badala ya kumsaidia. Kaboni ya katikati iliyo karibu naye haiwezi kabisa kubeba chaji chanya, afadhali ya mwisho ijibebee yenyewe. Hidrojeni sasa inakwenda katikati, kwa aliyekuwa na kidogo. Aliyekariri wimbo amekosa, aliyefikiri mzigo amepata.

Au ongeza peroksidi. Morris Kharasch wa Chicago alieleza mwaka 1933 kwamba bromidi ya hidrojeni yenye peroksidi huingia kinyume: bromini inakwenda mwishoni. Vitabu vingi vinaliita hili “kinyume cha Markovnikov” na mwanafunzi analikariri kama sheria ya pili inayopingana na ya kwanza. Haipingani na kitu. Kilichobadilika ni anayetangulia kuingia. Bila peroksidi anatangulia protoni. Kwa peroksidi anatangulia atomu ya bromini yenye elektroni moja isiyo na mwenzi, naye pia anakaa mwishoni ili mzigo, safari hii ni elektroni pweke, ubaki katikati penye wasaidizi. Mantiki ni ile ile, mgeni wa kwanza ni mwingine. Kumbuka tu kwamba jambo hili ni la bromidi ya hidrojeni. Kloridi na ayodidi hazifuati.

Kwa wanaopenda visa vya wanasayansi: Alexander Zaitsev, mwenye kanuni ya upande wa pili, ile ya kutengeneza alkeni kwa kuondoa maji au halidi na kupendelea alkeni yenye matawi mengi kwenye kifungo, alikuwa mwanafunzi wa mwalimu yule yule Butlerov kule Kazan aliyemfundisha Markovnikov. Hawakupatana. Ninyi itabidi muwapatanishe kwenye karatasi ya majibu, maana swali moja mara nyingi huanza kwa Zaitsev na kumalizia kwa Markovnikov.

Ushahidi kwamba wageni huingia mmoja mmoja, si wote kwa pamoja, ni huu, nao ni mzuri wa kuandika. Pitisha etheni kwenye maji ya bromini yaliyotiwa chumvi ya mezani. Unapata 1,2-dibromoethani, unapata 1-bromo-2-kloroethani, unapata 2-bromoethanoli, lakini hupati hata kidogo dikloroethani. Bromini lazima itangulie. Baada ya hapo aliye karibu, kloridi au maji, anaweza kuwahi nafasi ya pili. Chumvi peke yake haina njaa.

Rudi kwenye gunia la maembe. Nyumbani kwenu labda mnavundika ndizi: shimo, majani makavu, moto mdogo wa moshi, kisha kufukia. Moshi wa kuni zisizoungua vizuri una etheni ndani yake, na joto linaharakisha kazi. Mwaka 1901 Dimitry Neljubow aliona mimea ya maabara yake kule St Petersburg ikipinda kwa sababu ya gesi ya taa iliyovuja, akagundua kwamba mhusika ni etheni. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane akathibitisha kwamba matunda yenyewe huitoa. Embe moja lililoiva katikati ya gunia linayaamsha mengine, nayo yakiamka yanatoa zaidi. Ndiyo sababu muuzaji mzoefu huchagua moja au mawili mabivu na kuyachanganya na mabichi.

Tunda linaisikiaje gesi hiyo? Kwenye seli zake kuna protini iliyoshika ayoni ya shaba, na shaba hiyo inashika elektroni za kifungo pai. Ethani, isiyo na pai, ikipita hapo hakuna kinachotokea. Ona jinsi ule mkeka wa nafaka ulivyofika mpaka ndani ya embe.

Hapa nina ushauri usiokuwa wa mtihani. Kuna wauzaji wanaotumia kabaidi ya kalsiamu, yale mawe ya mafundi wa kuchomelea. Ikipata unyevu inatoa ethaini, binamu wa etheni mwenye kifungo cha tatu, na ethaini nayo inaweza kuliamsha tunda, ingawa kwa udhaifu. Shida ni kwamba kabaidi ya viwandani mara nyingi ina mabaki ya aseniki na fosforasi, yanayotoa gesi za sumu, na ethaini hushika moto kwa urahisi. Mwambie mama au shangazi anayeuza matunda: embe bivu moja ndani ya gunia linafanya kazi ile ile, bila sumu na bila gharama. Hilo ni somo la alkeni ambalo familia yako inaweza kulitumia kesho asubuhi.

Gunia likiisha kazi, usilitupe juani ukadhani litadumu milele kwa kuwa halina kifungo maradufu. Mionzi ya jua inazing'oa hidrojeni zilizo kwenye kaboni zenye tawi la methili, na baada ya miezi sandarusi inavunjikavunjika mkononi. Vipande vinabaki kuwa plastiki, vidogo tu. Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, ila magunia bado yanatuzunguka.

Sasa mafuta, kwa kuwa njia ya misafara ni maabara ya mafuta bila kujua. Anza Bagamoyo kwenye minazi. Panda Ugogo mpaka mashamba ya alizeti ya Dodoma na Singida. Pita Tabora, shuka mpaka Ujiji na Kigoma kwenye michikichi. Asubuhi ya Julai, Tabora ikiwa na baridi yake, chukua chupa tatu. Mafuta ya nazi yameganda meupe, maana yanayeyuka karibu nyuzi 24. Mawese yamekuwa mazito. Alizeti inatiririka kama maji. Kemia inapima tofauti hiyo kwa namba ya ayodini, yaani gramu za ayodini zinazomezwa na gramu 100 za mafuta. Nazi ni kati ya 6 na 11, mawese kati ya 50 na 55, alizeti ya kawaida kati ya 118 na 141.

Usikubali namba hizo zikupite, zikokotoe. Asidi ya oleiki ina uzito wa 282 kwa moli na kifungo maradufu kimoja, kwa hiyo moli moja inameza gramu 254 za ayodini. Gawanya 254 kwa 282, zidisha kwa 100: 90. Asidi ya linoleiki ina uzito wa 280 na vifungo viwili, inameza 508, jibu ni 181. Alizeti iko kati ya 90 na 181, basi ni mchanganyiko wa hizo mbili hasa, pamoja na kidogo isiyo na kifungo maradufu. Swali la namna hii huonekana gumu kwenye karatasi na ni hesabu ya darasa la sita.

Mbona vifungo maradufu vinayafanya mafuta yasigande? Kwa sababu ya umbo. Kwenye mafuta ya asili sehemu mbili za mnyororo ziko upande mmoja wa kifungo, umbo la Z, na mnyororo unapinda kama kiwiko. Funga tita la kuni zilizonyooka, litakaza. Funga la kuni zilizopinda, litalegea. Kiwandani hidrojeni ikipitishwa kwa nikeli, kuni zinanyooshwa na mafuta yanakuwa siagi ya mezani. Bahati mbaya, baadhi ya vifungo havipokei hidrojeni, vinageuka tu kutoka Z kwenda E, na mafuta ya namna hiyo ni mabaya kwa moyo.

Kuhusu Z na E, wanafunzi huniuliza kama tofauti hiyo ina maana yoyote nje ya karatasi. Unaposoma mstari huu, ndani ya jicho lako mwanga unaigeuza retinali kutoka Z kwenda E kwenye kaboni ya 11. Hakuna atomu iliyoongezwa wala kuondolewa. Kugeuka huko ndiko kuona. George Wald alipata sehemu ya tuzo ya Nobel mwaka 1967 kwa kazi ya retinali. Na retinali hiyo inatoka wapi? Mwili unachukua karotini, C₄₀H₅₆, ya embe la Tabora au ya mawese mekundu ya Ujiji, unaikata katikati kwenye kifungo maradufu, na unapata retinali mbili. Anayeyachoma mawese mpaka yapauke amezivunja karotini hizo kabla hazijafika jichoni.

Kukata kwenye kifungo na kuweka oksijeni pande zote mbili: umeshaliona wapi? Ndiyo kazi ya ozoni ikifuatwa na zinki na maji. Hapa usikariri mifano, jifunze kurudi nyuma. Ukipewa propanoni na ethanali, ondoa oksijeni zote mbili na ziunganishe kaboni zilizokuwa zimezishika. Utapata 2-methilibuti-2-eni, na haiwezekani upate kingine.

Neno la mwisho ni la lugha. Mtihani wako unaandikwa kwa Kiingereza, na wengi mnasoma kwa Kiingereza mpaka mnasahau kufikiri. Mweleze jirani yako wa bweni kwa Kiswahili kwa nini mzigo unabaki katikati ya propeni. Akikuelewa, ndipo uandike kwa Kiingereza, sentensi fupi, pamoja na mshale. Madesa ya waliotangulia yana majibu, hayana mazungumzo hayo.

Na hili la kuanzia leo. Hidrokaboni ya C₆H₁₂ inaondoa rangi ya bromini. Ikipitishiwa ozoni, kisha zinki na maji, inatoa zao moja tu, hakuna la pili. Zipo alkeni mbili za namna hiyo, zisizofanana muundo. Moja ina umbo la Z na la E, nyingine haina. Zichore kabla taa za prepo hazijazimwa, kisha uamue ni kipimo gani cha maabara kitakachozitenganisha kwa kuchunguza zao lake.